Mstari Uliouruka

Kaka,

Shikamoo. Sisi hapa nyumbani wazima, na goti la Mama limepungua uvimbe tangu abadilishiwe dawa. Wifi na watoto hawajambo? Binti yangu anakusalimu mjomba wake. Amefaulu mtihani, na sasa ananishinda kwa hesabu, jambo ambalo wala si gumu.

Nimekawia kukujibu kwa sababu siku ile uliponipigia simu ulizungumza peke yako, kisha ukakata. Uliniamuru niondoe kazi yangu kwenye usomaji wa Jumamosi. Ukasema mpiga pasi wa hospitali hana la kuwaambia watu, na kwamba nakuvunjia heshima. Sasa ni zamu yangu, na barua huwezi kuikata katikati.

Nikueleze ilivyokuwa, maana aliyekuletea habari alikuletea nusu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, nikitoka zamu ya asubuhi, naenda maktaba kwenye kikao cha watu wanaojifunza kuandika. Tuko wanane. Tunakutana chumba cha watoto, tunakalia viti vya watoto, magoti yanakaribia kidevu, na ukiwa umeketi hivyo huwezi kujifanya mkubwa. Mwenyekiti wetu ni mpiga chapa mstaafu tunayemwita Mzee Nukta, kwa sababu akikutana na sentensi ndefu huhema kama aliyepandishwa ngazi. Sheria zake ni mbili. Ukishasoma kazi yako, unafunga mdomo mpaka wote wamalize kuijadili. Na anayeleta kazi ya mtu mwingine akaiita yake, harudi tena.

Miezi miwili iliyopita nilisoma wasifu wa Baba. Unaujua. Ndio ule uliousoma wewe siku ya mazishi, watu wakalia, wakakushika mkono, wakasema mwalimu mkuu ana kalamu. Niliuandika mimi kwenye chumba cha pasi, nyuma ya fomu za kuhesabia mashuka, nikakuletea, ukaupitia, ukaunakili, ukanirudishia karatasi. Siku ile sikudai kitu. Wewe ndiye mkubwa na kusoma ilikuwa haki yako. Lakini kuandika niliandika mimi.

Nilipomaliza, Mzee Nukta alisema kwa masikitiko kwamba maneno yale alishayasikia kwenye mazishi, kinywani mwako wewe. Wakaanza. Watu saba, mmoja baada ya mwingine, wakazungumza habari za wizi nami nimeketi katikati yao, mdomo nimeufunga kama sheria inavyotaka. Fundi viatu, ambaye siku zote hunitetea, alisema nimemvunja moyo. Nilikibana kiti kwa hasira mpaka kikalia.

Zamu yangu ilipofika nilitoa zile fomu mkobani, zote nne, na mikato yangu na alama ya pasi kwenye pembe. Nikamwomba Mzee Nukta asome mstari mmoja kwenye karatasi ya pili, uliofutwa kwa wino mwekundu. Akavaa miwani, akasoma kwamba Baba alijifunza kusoma na kuandika akiwa na miaka sabini na moja. Nikamuuliza kama mstari huo aliusikia mazishini. Akasema hapana. Nikamwambia asingeweza kuusikia, maana msomaji aliuruka. Basi, sikusema zaidi. Mzee Nukta aliniomba radhi mbele ya wote, na ndiye aliyeniweka niwe wa kwanza kusoma Jumamosi, siku ambayo milango itakuwa wazi kwa kila mtu.

Najua kwa nini uliufuta. Miaka yote Baba alitembea na gazeti kwapani, nawe uliwaambia walimu wenzako kwamba yeye ndiye aliyekutia hamu ya vitabu. Uliona aibu. Mimi sioni. Niliketi naye meza ya jikoni nikimfundisha herufi, yeye kaishika penseli kama mpini wa nyundo, na sijapata kumheshimu kama nilivyomheshimu siku zile. Mstari ule nitausoma, tena kwa sauti.

Kuna jambo jingine, na hili hulijui. Unakumbuka ile karatasi niliyokutumia mwaka juzi, mistari mitano isiyo na jina? Kwamba mvua imenyesha, kuku wametaga, mimi mzima, nimeandika mwenyewe. Ulidhani ni ya binti yangu. Ukaisahihisha, makosa kumi na moja, ukatoa alama nne kwa kumi, ukaandika chini aongeze bidii, ukairudisha. Kaka, ile ilikuwa barua ya Baba. Hakutia jina kwa sababu alitaka ukisie.

Alinikataza nisikwambie. Aliiweka mbele yake akaanza kuinakili upya, kosa moja baada ya jingine, kwa miezi minne. Wiki aliyolazwa alinikabidhi ile safi akaniagiza niitie posta. Sikuitia. Nilikuwa nimekukasirikia, nikajiambia hustahili kuipata. Amekufa akiamini kwamba uliipokea na hukujibu. Hilo ni kosa langu, linaniuma kila siku, na ukitaka kunihukumu nihukumu kwa hilo. Kwa kuandika, hapana.

Nimeitia humu ndani ya bahasha. Kalamu nyekundu iweke mbali, haina kazi hapo. Safari hii ametia sahihi. Ameandika: Baba yako.

Mama nimemsomea barua hii yote, hakunizuia neno. Anakusalimu sana. Tutaanza saa tisa alasiri, naye amesema atakaa mstari wa mbele na kuweka mkoba wake kwenye kiti cha pembeni mpaka ufike. Wabusu watoto, na umwambie wifi nimemkumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
mpiga pasi.