Ile Simu Usiisikitikie Tena

Zinga,
Bagamoyo.
14 Juni 2025

Mpendwa Mama mdogo Skolastika,

Shikamoo. Vipi huko Kigoma, na mgongo umepoa? Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Medard ameota meno mawili na anamng'ata kila anayembeba.

Barua yako niliisoma mara mbili, nikalia kidogo. Unaumia eti niliomba kompyuta ukaweza kunitumia simu yako ya zamani tu, yenye ufa kwenye kioo. Mama mdogo, hebu sikia.

Kwenye yale mafunzo ya kutengeneza tovuti tunajifunza kitu kinaitwa Tailwind. Ni vijineno vilivyokwisha kutayarishwa, kila kimoja na kazi yake: hiki rangi, hiki nafasi, hiki kinaviringisha pembe. Unavipachika palepale kwenye kitu unachokipamba. Ni vya Kiingereza, na mimi unajua niliishia la saba, basi nikavinakili nyuma ya kadi ya kliniki ya Medard nivisome nikimnyonyesha.

Siku ya kupima uzito nesi Thuwaiba akaona vile vijineno vyangu, "p-4, mt-2". Akakunja uso: "Mama Medard, nani kakuandikia dozi hii?" Nilicheka mpaka mtoto akashtuka! Nilipomweleza, akaomba tuwatengenezee kina mama ukurasa wa siku za chanjo, maana wengi hutembea mbali wakakuta siyo siku yake. Hata mimi yalishanikuta, na jua lile.

Mwalimu wetu Biubwa akatupa wote kazi hiyo. Lulu, ninayekaa naye darasani, ana kompyuta mpya. Akaniona nabonyeza simu yangu, akasema: "Shosti, hiyo tovuti au unachati?" Maneno yale yaliniingia. Nikaazimia kuacha mafunzo baada ya kazi ile.

Nesi alipokuja, akafungua kurasa zetu kwenye simu yake. Wa Lulu maandishi yamekimbilia pembeni, tarehe hazionekani. Wangu umetulia! Akauchukua huo awatumie kina mama. Mwalimu akasema vile vijineno huanzia kwenye kioo kidogo cha simu, mpangilio wa kompyuta unauongezea baadaye; Lulu alianzia kwenye kompyuta. Na mimi sikuwa na pengine pa kuanzia. Lulu akasogeza kiti, "Haya, nionyeshe." Siachi tena.

Jana kliniki mama mmoja kutoka mashambani alinionyesha ukurasa wangu. Amekuja siku yenyewe, mtoto kachanjwa. Simu yake nayo ina ufa, Mama mdogo.

Nisalimie Baba mdogo Gaspari na Simon. Mungu auponye huo mgongo na aibariki mikono iliyonitumia simu.

Mwanao akupendaye,
Vaileth