Magodoro Yenye Nailoni

Jumatatu, 6 Mei
Mafuriko yametuharibia tangazo! "Lala, dunia isubiri" – bango liko juu ya daraja, na chini yake watu wanavuka maji ya kifuani na masufuria kichwani. Mteja wetu, kampuni ya magodoro, kapiga simu mara tisa. Bosi Miwani kasema tubadili sauti: huruma sasa, mauzo baadaye. Nikaandika: "Hamlali peke yenu." Ofisi nzima ikapiga makofi. Nilivimba kichwa, sitajidanganya.

Jumanne, 7 Mei
Shule ya msingi, sasa kambi. Tulipeleka magodoro ishirini na mito ishirini. Msimamizi wa mteja katuonya pembeni: nailoni isitolewe, ni vitu vya picha tu, saa kumi vinarudi ghalani. Wenye shida hawakuambiwa.

Mpiga picha alitaka sura "yenye majonzi lakini safi". Akamchagua mama mmoja kwenye chumba cha darasa la tatu. Shangazi yangu! Aliyenilea. Nilidhani yuko kwa binti yake – sijampigia tangu mvua ianze.

Aliniona, akanikonyeza, akajifanya hanijui. Hakutaka kuniharibia kazi. Akajilaza juu ya nailoni. Mpiga picha akamwomba ashukuru. Akashukuru kwa mikono miwili, kwa moyo wote. Mimi nikashika taa.

Lori la kuvirudisha limekwama njiani. Magodoro yamebaki kambini hadi kesho.

Jumatano, 8 Mei
Shangazi yuko kwenye kila simu. Watu laki mbili wameipenda picha. Bosi Miwani kaniita hazina ya kampuni.

Saa nane msimamizi akapiga simu: lori limefika, watu wamegoma kutoa magodoro. Bosi kanituma mimi, eti nina ulimi laini.

Nikawaambia yanakwenda kukaguliwa, kesho yanarudi. Wakaguna. Baba mmoja akalala kifudifudi juu ya lake. Ndipo shangazi akainuka, akawaambia huyu ni mwanangu, nimemlea kwa mkono wangu, hawezi kutudanganya, mpeni.

Wakatoa. Yote.

Sasa naandikia garini, nyuma ya lori. Tunasubiri geti la shule lifunguliwe. Mvua imeanza tena. Shangazi amekuja mbio, anagonga kioo. Ameshika mto, nailoni haijachanika. Anasema tumeusahau, mto huo usije ukanitia matatani kazini.

Sijashusha kioo. Dereva ananihimiza niupokee, umo kwenye orodha.