Jua Lilipopatwa Bungu

Studio ya Mrisho,
Bungu, Rufiji.
26 Agosti 2001

Mpendwa Dada Semeni,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, na shemeji Abdalah hajambo? Mgongo umeacha kukusumbua, au bado baridi ya Kigoma inakuonea? Sisi huku tu wazima, mikorosho imeanza kutoa maua na barabara ni vumbi tupu. Niwie radhi kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka. Sababu yake utaikuta mbele, na ukishaisoma tafadhali usimsomee mtu.

Kwanza la heri. Maimuna alijifungua salama mwezi wa saba, mtoto wa kike, na tumempa jina lako. Juzi tumemtoa nje kwa arobaini, watu wamekula pilau, na kila mmoja amesema mtoto hana alama hata moja. Walikuwa na hofu, maana siku jua lilipopatwa Maimuna alikuwa na mimba kubwa, na wazee walimfungia ndani na kuziba madirisha kwa khanga, mtoto asije akazaliwa na baka.

Jua hilo ndilo lililoniponza mimi. Redio ilitangaza mapema, nikajiandaa mwezi mzima. Miaka yote nimepiga picha za watu waliobana pumzi kama wako mbele ya polisi. Nilitaka mara moja tu nipige kitu ambacho hakikuomba kupigwa. Nilinunua Kariakoo lenzi ndefu ya mtumba kwa ajili ya kamera yangu ya Zenit, na kila siku saa kumi alasiri nilikwenda nyuma ya zahanati nikafuata kivuli cha mnazi na kupigilia kigingi pale nitakaposimama.

Sista Honorata, nesi wetu kutoka Bukoba, alinipa picha za eksirei za kifua cha marehemu mumewe, nipunguzie ukali wa jua. Nilikata vipande viwili, nikavipandanisha na kuvifunga mbele ya lenzi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nilipochungulia mara ya kwanza, jua lilikuwa limekaa katikati ya mbavu za yule bwana. Nilitoa jicho haraka, Dada, sikufichi.

Siku yenyewe, saa tisa na kitu, ukingo wa jua ukaanza kuliwa. Mwanga ukawa mwembamba, lakini haukuwa wa jioni wala wa mawingu. Vivuli vikawa vikali isivyo kawaida. Chini ya mikorosho kila doa la mwanga lilikuwa hilali ndogo, mamia kwa mamia, zikitambaa juu ya miguu ya watu. Kuku wakaingia bandani wenyewe. Ng'ambo ya barabara watu walikuwa wakigonga madebe, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja, na sijui ni nani aliyewaambia wanyamaze.

Hapo ndipo baba mkwe, mzee Sadallah, alipotoka msikitini baada ya sala ya kupatwa kwa jua, akaja kusimama ubavuni mwangu.

"Lete na mie nilione, Mrisho," akasema. "Jingine halinikuti."

Nikavua vile vipande nikampa kwa mikono miwili. Unajua mambo ya ukwe. Kitu kikishaingia mkononi mwa mkwe, mimi wa kukidai ni nani? Akatazama, akaomba dua, akatazama tena. Na picha niliyoipangia mwezi mzima ilikuwa ni ya dakika ile ile, jua limebaki kipande, limeegemea kilele cha mnazi. Wingu jepesi likapita, nikajiambia litatosha kunikinga. Nikaweka jicho la kulia nikaanza kulenga. Wingu likapasuka, nami sikutoa jicho mpaka nilipobonyeza.

Sikusikia maumivu, na ndilo linalonitisha hadi leo. Nilikula, nikalala. Asubuhi Maimuna akaniletea chai. Niliona mtandio, nikaona hereni, na mahali pa uso pamekaa giza lenye umbo la jua lililoliwa. Nikifikicha halitoki. Nikifumba jicho, linang'aa. Nikimtazama mtu yeyote, linakaa pale pale usoni kwake. Jicho la kushoto unalijua, tangu uliponitia kijiti tukiamia ndege shambani halijawa jicho. Sikulaumu, ulikuwa na miaka sita.

Sista Honorata alinipeleka kwa daktari wa macho mjini. Daktari alisema hata zile eksirei hazikuwa za kuaminiwa, na kwamba dawa hakuna, ningoje tu. Wengine nuru huwarudia baada ya miezi, wengine haiwarudii. Miezi miwili imepita.

Nyumbani sijasema. Mzee Sadallah amevihifadhi vile vipande, anawaonyesha wageni na kunisifu, na nikifungua mdomo majuto yatamwua. Maimuna naye ameanza kunishuku. Aliniuliza kwa nini siku hizi namtazama pembeni kama mume mwenye mke wa pili. Ni kweli namtazama pembeni, kwa sababu nikimwelekea sawasawa anatoweka. Inaniuma sana, Dada.

Picha ya jua ilitoka vizuri. Nimeitundika studio, na abiria wa mabasi ya kusini wanashuka kuja kuishangaa. Mimi nauona mnazi tu.

Nisalimie shemeji, mama Dulla na wote wa hapo nyumbani. Kaka Salumu na Maimuna wanakusalimu sana.

Humu ndani ya bahasha nimeweka picha ya mtoto. Niliipiga kwa kupima umbali kwa uzi kutoka kitandani hadi kwenye lenzi. Kila anayekuja husema amefanana na fulani, nami naitikia na kucheka na kumbusu mtoto. Lakini sijawahi kumwona. Mtazame kwa niaba yangu, Dada, uniandikie uso wake kwa herufi kubwa, kuanzia nyusi hadi kidevu, usiache kitu.

Mwenyezi Mungu akutunzie macho yako.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye daima,
Mrisho