Nilivyojaza Rafu Kungoja Mkopo wa Serikali

Ruiru, Ijumaa. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kuingia kwenye mifupa. Nimekaa mbele ya duka langu mwenyewe kama mgeni, maana mlango una kufuli na kufuli si langu.

Wacha niandike. Leo sina wa kumsimulia.

Mimi ni mtu niliyefika Burma. Nimeendesha lori la jeshi kwenye matope ambayo hapa Ruiru wangeyaita ziwa. Shuleni niliishia darasa la tatu, lakini Kizungu cha kuombea sigara ninacho, na Kihindi cha kupunguziwa bei ninacho. Kwa hivyo niliposikia ati serikali inakopesha Waafrika wenye maduka, nilijua mkopo huo umetengenezwa kwa ajili yangu.

Nilitaka kinu cha kusaga mahindi. Tangu serikali iturundike katika kijiji hiki chenye handaki na miiba, ili tusiwalishe wapiganaji wa msituni, wanawake wanabeba mahindi mgongoni mpaka Thika, na lazima warudi kabla ya kafyu. Mwezi uliopita mmoja alichelewa. Yaliyompata getini siyaandiki.

Basi ofisi ya Thika ikaniambia Bwana wa Biashara, Mzungu anayesimamia maduka, atakuja kukagua duka. Na kwetu mgeni hakuti nyumba tupu. Unaazima kiti kwa jirani, unaazima vikombe, hata kuku unaazima. Nikatazama rafu zangu, sabuni na viberiti tu, nikaona aibu. Nikaenda kwa Mama Njeri, mwenye kibanda hapo jirani. Mumewe yuko kizuizini. Alinipa vyote alivyokuwa navyo: sukari, chumvi, unga, mafuta.

“Baba Kimani, hivi ndivyo vinavyowalisha watoto wangu,” alisema.

“Ni siku moja tu! Kinu kikija, wewe utasagiwa bure mpaka uote mvi.”

Jana Bwana akafika na karani na askari. Duka liling'aa. Nilisimama mlangoni na koti langu la jeshi, kifua mbele kama jogoo.

Akazitazama rafu moja baada ya nyingine.

“Wewe tajiri. Wewe nataka mkopo ya nini?”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza: duka dogo hivi, chakula kingi hivi, na kijijini kila mtu anapimiwa chake. Hiki kinaliwa na nani?

Ngai, Mungu wangu! Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi nilikuwa nimempangia mgeni heshima, na yeye ameona chakula cha watu wa msituni.

“Mali ya nani hii?”

Kusema kweli kungeniponya. Lakini karani alikuwa ameshika kalamu, na mke wa mtu aliye kizuizini akitajwa pamoja na magunia ya unga, hakuna atakayengoja maelezo yake.

“Yangu, Bwana. Yote. Huku Ruiru mimi ndiye mfanyabiashara mkubwa.”

Wakapakia kila kitu kwenye gari lao. Leseni wakachukua, mlango wakautia kufuli lao. Jumatatu nifike Thika kujieleza.

Leo asubuhi Mama Njeri alikuja. Nilimwambia sukari yake imepanda gari la serikali, heshima ambayo hata mimi sijawahi kupewa. Hakucheka.

“Kwa hivyo ulisema vyote ni vyako?”

“Ndiyo.”

“Na wakakuamini?”

“Kabisa.”

“Na huo mdomo wako, wangekosaje kuamini.”

Kisha akaketi kando yangu kwenye mvua, akafunika uso kwa leso. Sikupata mzaha wa kumpa. Mimi, niliyechekesha kikosi kizima tukipigwa mabomu.

Mkopo umekufa. Kinu pia.

Baiskeli bado ninayo. Jumatatu nitafunga nyuma mahindi ya Mama Njeri yaliyobaki nyumbani kwake, nipitie kinuni Thika kwanza kabla ya ofisini. Nisipotoka mle ofisini, mwanamke mwingine wa kijiji atamletea unga wake pamoja na baiskeli. Baiskeli nimeshamwambia Mama Njeri aiuze, anunue sukari ya kurudisha kibandani. Alikataa. Nikamwambia basi aiazime, siku moja tu. Hapo akatabasamu kidogo.

Lakini kujisifu kwangu siku zote kumekuwa na watu wa kunipigia makofi. Peke yangu mbele ya meza ya Bwana kule Thika, wakiniuliza mara ya tatu na ya nne mali ilikuwa ya nani, je, nitaweza kujisifu tena kwamba yote ni yangu?