Dumu la Olubisi Nililolikaza kwa Koleo

Privatus ndugu yangu, nimeuaibisha ukoo. Mimi mwenyewe, si mtu mwingine.

Leo tulikwenda Muleba kumposea mjukuu wangu. Kifuniko cha dumu la olubisi, pombe yetu ya ndizi, nilikikaza kwa koleo. Klaudia, jirani yangu, akasema, "Mwalimu, ziba kwa jani la mgomba, pombe ipumue." Nikamjibu mbele ya watu kwamba majani ni mambo ya kabla ya Uhuru.

Kwa koleo, Privatus!

Njia nzima dumu lilipigwa jua. Tulipofika lilikuwa limevimba. Nikasema nitalifungua mwenyewe, kwa koleo lile lile. Kifuniko kiliruka hadi darini, povu likamwogesha Mzee Kamugisha, babu wa binti, kanzu yote.

"Waitu, jamani, mmetuletea pombe au bomu?" akauliza mzee.



Klaudia ndiye aliyejibu. Akawaeleza kwamba pombe ikichacha hutoa gesi, na chembe za gesi hazitulii. Zinakimbia, zinagonga kuta za dumu. Zikiongezeka na kupata joto, zinagonga mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi.

Wakamuuliza amesoma wapi.

"Kwa huyu huyu. Darasa la jioni, mwaka sabini na mbili, kijiji cha ujamaa."

Maneno yangu, Privatus! Neno kwa neno! Na mimi nimeshika koleo.

Binti tumepewa. Lakini hotuba ya ukoo, niliyoiandika wiki mbili, Mzee Kamugisha aliomba aisome Klaudia.

Nikampa karatasi. Akaomba na miwani yangu. Nikampa.