Mmoja wa Familia

3 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linakusumbua bado, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Mimi mzima, nakula, nalala, usiwe na wasiwasi. Nakuandikia kwa karatasi kama ulivyotaka, maana najua simu katika nyumba ya watu ina masikio mengi.

Nina habari. Safari hii hapa wizarani nimepewa kuandika rasimu ya sheria inayokuhusu wewe. Jumuiya ya nchi zetu imepitisha Agizo kuhusu wafanyakazi wa majumbani. Agizo lenyewe halimshiki mwajiri yeyote mkono. Linaiambia kila nchi mwanachama: mwaka usiishe hamjafika hapa, njia tafuteni wenyewe kwa sheria zenu. Na pa kufika ndipo panaponifurahisha: kila anayefanya kazi katika nyumba ya mtu apate siku nzima ya mapumziko kila wiki, saa zake za kazi zijulikane, na anapolala pawe na mlango unaofungwa kwa ndani.

Nchi yetu imechelewa. Wakubwa wamekwisha kumbushwa mara mbili. Ndiyo maana Mkurugenzi alinitupia faili mezani akasema nina mkono mwepesi, nilishughulikie. Nilikaribia kucheka. Angejua.

Usilitangaze sana, bado ni rasimu. Lakini nilitaka ulisikie kwangu kwanza.

Mwanao


20 Februari

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Goti linapanda ngazi likilalamika, lakini linapanda. Nami nakuuliza ya kwako: kile kikohozi kiliisha? Usijibu tu kwamba u mzima, wewe tangu mdogo unaumwa huku unasema u mzima.

Barua yako nimeisoma jikoni, nikairudia nikipiga pasi, shati la mzee wa nyumba likaungua kidogo kwenye ukosi. Hajaliona bado.

Hilo Agizo nimelielewa kwa namna yangu. Ni kama mama mwenye nyumba anaposema, "Nikirudi nataka sebule ing'ae," kisha huyoo, kaondoka. Ufagio nitatafuta mwenyewe, maji nitajua mwenyewe. Tofauti ni kwamba mimi sijawahi kukumbushwa mara mbili.

Ulisema nisitangaze. Nilijikaza, ulimi ukaponyoka. Nilimwambia Mrefu, yule mwenzangu wa nyumba ya pili, naye ana mdomo kama redio. Sasa asubuhi tukitoa taka wananiita Mama Sheria. Wananiuliza siku ya mapumziko itakuwa ipi, kana kwamba nimeiweka mfukoni. Mimi hapa naitwa "dada" hata na watoto wadogo kuliko wewe, kwa hiyo nisamehe kama nimelifurahia hilo jina jipya.

Mrefu ana swali, nami pia ninalo. Sisi tunaolala humuhumu ndani, nasi tumo? Maana mimi nalala kwenye chumba cha kupigia pasi, na mlango wangu ni pazia.

Mama yako


30 Mei

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Kikohozi kiliisha, kweli. Kazi zimenibana mno, vikao asubuhi na mchana, kila kifungu kinapita mikono mingi kabla hakijarudi kwangu kikiwa na sura nyingine.

Kuhusu swali lenu, mambo haya yana hatua nyingi na si vizuri niyasemee kabla hayajakaa sawa. Ninakutumia dawa nyingine ya goti, hii unapaka ukiwa umekaa, usisimame mara moja.

Wasalimie wenzako.

Mwanao


19 Juni

Mwanangu,

Sijambo. Dawa imefika, asante.

Jana mchana mzee wa nyumba alikuwa na wageni. Nilikuwa nazungusha maji ya kunawa wakati anawasomea gazeti. Akasema muswada wa wafanyakazi wa majumbani umetoka, akasoma: kila mfanyakazi atapata siku ya mapumziko, "isipokuwa yule anayelala katika nyumba ya mwajiri na kuhesabiwa kuwa mmoja wa familia." Akashusha gazeti, akanitazama, akatabasamu. Akasema, "Dada, umesikia? Wewe ni mmoja wa familia."

Si mtu mbaya. Nadhani alifikiri ananipa heshima. Wageni wakatabasamu pia, nami nikatabasamu, nikiwa nimeshika beseni la maji machafu ya mikono yao. Kisha nikarudi jikoni nikala nilichobakiza kwenye sufuria, nimesimama, kama wanafamilia wanavyokula.

Leo asubuhi nilichelewesha kutoa taka kwa makusudi ili nisikutane na wenzangu. Mrefu akanisubiri. Hakunisuta. Aliniuliza kwa upole tu, "Mama Sheria, kwani mwanao hakukuambia?" Ningependa anitukane.

Nimekwisha kuwa mtu mzima, sina haja ya kubembelezwa. Naomba uniambie jambo moja. Hayo maneno, mmoja wa familia, aliyaandika nani?

Mama yako


1 Julai

Mama,

Shikamoo. Sijui niulizie goti kwa uso gani, lakini naliulizia.

Niliyaandika mimi.

Agizo la Jumuiya limeacha upenyo. Linasema nchi inaweza kuwaacha nje baadhi ya wafanyakazi ikiwa ina sababu maalumu. Mkurugenzi alisema upenyo upo ili utumike. Kikaoni karibu kila mtu ana mfanyakazi anayelala kwake, na walianza kuulizana nani atawaamshia watoto na nani atafungua geti hiyo siku ya mapumziko. Mkurugenzi akataka maneno laini, yasiyomfanya mtu aonekane mkorofi. Akanitazama mimi mwenye mkono mwepesi. Nikatoa hayo. Wakayapenda. Mmoja alisema yana utu.

Halafu mwenzetu mmoja akauliza kama kati yetu kuna anayewajua hawa watu kwa karibu, tupate picha. Mama, hakuna aliyenyanyua mkono, nami nikainamia karatasi zangu. Miaka yote hii sijawaambia kazi yako. Hawakuniuliza sana, na walipouliza nilisema mama yuko nyumbani. Nilijiambia si uongo. Nyumbani kwa nani, hilo sikulisema.

Nilipopata swali lako la Februari nilikuwa na jibu tayari. Ndiyo maana nilikawia kuandika, na nilipoandika nikalikwepa.

Muswada bado haujawa sheria. Mwezi wa nane kamati ya Bunge itasikiliza maoni ya wananchi. Labda watakuja watu wa kusema.

Mwanao


24 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nimekaa na kalamu tangu mlipoondoka.

Sikujua kama utakuja. Hukunijibu, nikadhani umenikasirikia ukakaa kimya kama unavyofanya. Niliponyanyua macho nikakuona kwenye mlango wa ukumbi wa kamati na Mrefu na wale wengine, umevaa lile gauni la bluu, nilifikiri nimekosea. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Mkurugenzi, naandika kumbukumbu za wizara.

Ulipoitwa mbele sauti yako ilikuwa ndogo. Uliwaambia unavyoamka na unavyolala. Ukasimama katikati ya sentensi, ukarudia uliyokwisha sema, na mbunge mmoja akatazama saa. Kisha mwenyekiti wa kamati, yule mama mzee, akakuuliza, "Mara ya mwisho kupumzika siku nzima ilikuwa lini?"

Ulianza kuhesabu kwa vidole. Ukaacha. Ukaanza tena. Ukainamisha kichwa kama mtoto aliyeshindwa kusoma ubaoni, ukasema, "Samahani, sikumbuki." Mwenyekiti akasubiri, wewe ukawa unaikunja leso.

Mimi nilijua jibu. Ilikuwa siku ya mahafali yangu. Ulipewa ruhusa ya kutwa, ukaja na viatu vya kuazima, ukaondoka kabla ya picha kwa sababu ulihofia chakula cha jioni. Hata ile siku haikuwa nzima. Ningeweza kusimama nikasema. Badala yake niliandika kwenye kumbukumbu: Shahidi hakujibu.

Halafu kwenye korido. Mlikuwa mmekaa kwenye benchi mkingoja usafiri, nasi tukapita. Ulinitazama. Mkurugenzi akaniuliza, "Yule mama alikuwa anakutazama hata mle ndani. Mnafahamiana?" Nikasema, "Hapana."

Najua ulisikia, kwa sababu Mrefu aligeuza shingo na wewe hukugeuza.

Sikuombi chochote. Nimeandika ili usije ukafikiri sikujua nilichofanya.

Mwanao


2 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Barua yangu ya Agosti haijajibiwa, nami sina haki ya kukukumbusha. Nakuletea habari za sheria tu, na moja ya kwangu.

Kamati imekutana. Mkurugenzi alitetea kile kifungu, akasema hata Agizo lenyewe limeruhusu. Mwenyekiti akajibu kwamba Jumuiya ilitaka sababu maalumu, na sababu aliyoletewa ni kwamba watu wamezoea. Mbunge mmoja akamkumbusha kuwa hata shahidi mwenyewe alipoulizwa hakujibu. Mwenyekiti akasema yeye alikwisha jibiwa siku ileile. Kifungu kimefutwa, Mama. Wanaolala ndani nao wamo. Mlango wa kufungwa kwa ndani tumeukosa, wamesema nyumba nyingi hazina nafasi, wataipa Jumuiya maelezo baadaye.

Tulipokutana wizarani kurekebisha rasimu, nikanyanyua mkono. Nikasema yule shahidi aliyeshindwa kujibu ni mama yangu, na kwamba jibu ni siku niliyohitimu chuo. Mkurugenzi akavua miwani, akasema, "Ungetuambia mapema," kisha akauliza nani ana nakala ya ukurasa wa nne. Mwenzangu wa kushoto akanisogezea chai. Basi, ikawa ndiyo hivyo. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyehama kiti.

Nilitoka nikajifungia chooni. Ingekuwa wamenidharau, ningepata pa kuegemea, ningesema uliona, niliogopa kwa haki. Sasa sina hata hicho. Nilikukana kwa ajili ya kitu ambacho watu walikimeza pamoja na chai.

Ukipata hiyo siku, nitafurahi uje kwangu. Au nije nikuchukue, popote utakaponiambia nisimame.

Mwanao


9 Desemba

Mwanangu,

Marahaba, marahaba za barua zote. Goti lipo, nami nipo. Natumai nawe upo, na huumwi kimyakimya.

Sikunyamaza ili nikuadhibu. Kila nikishika kalamu naandika "Mwanangu," halafu sioni cha kufuata. Leo nitajaribu mpaka mwisho.

Ndiyo, nilisikia. Nikueleze jambo usilolijua. Njia nzima tunakuja huko, kwa ruhusa ya saa chache tulizoomba, niliwaonya wenzangu wasikusalimie. Niliwaambia mwanangu yuko kazini, tusimtie aibu mbele ya wakubwa wake. Mrefu akaapa. Mimi mwenyewe nilijipanga nisikutamkie hata neno. Ila moyoni nilikuwa nimeshajua kwamba wewe utanisalimia. Sikuliweka hilo kwenye mashaka. Ndiyo maana nilikuwa nakutazama.

Nami nina yangu yaliyonitia haya. Nilisimama mbele ya watu nikashindwa kukumbuka siku ya mahafali yako, siku ambayo kila nikichoka huwa naitoa naitazama. Ilinitoka kabisa. Nimejiuliza, mama gani huyu. Kwa hiyo usidhani uliondoka na aibu yote peke yako.

Sheria imeanza. Mama mwenye nyumba alinipa Jumapili, akaitamka kama anayeazimisha sahani ya kioo. Jumapili ya kwanza niliamka saa zilezile, nikakaa kitandani nyuma ya pazia nimevaa tayari, nikimsikiliza anavyoosha vyombo. Alikuwa anavigonga ili nisikie. Mara mbili niliinuka kwenda kumsaidia, mara mbili nikakaa. Mikono ilikuwa inaniwasha, nikajiona mwizi. Kisha nikatoka na Mrefu. Tukatembea mpaka kwenye bustani ya watu wote, tukakaa, na kwa kuwa hatukuzoea kukaa tukaanza kuokota takataka zilizokuwa karibu na benchi. Mrefu akaona, akacheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka. Jumapili ya pili nilikaa vizuri zaidi. Nilisinzia.

Uliniuliza kama nitakuja kwako, au uje unichukue. Usije. Si kwa hasira. Watu wamekuwa wakiniambia niwe wapi na saa ngapi tangu kabla hujazaliwa, na wewe ukija na saa yako utakuwa mmoja wao. Hii siku ni yangu, umeniandikia mwenyewe, ingawa ilibidi nusu ya nchi ikuvute mkono ndipo uandike. Nitakuja nikitaka. Inaweza kuwa Jumapili hii, inaweza kuwa baada ya mvua.

Na nikija, sitapiga simu kwanza. Pengine nitakukuta na wageni, wakubwa wako wa kazini wamekaa sebuleni. Mimi nimezoea kuingilia mlango wa jikoni katika kila nyumba. Kwako nitabisha hodi mbele, nisimame hapo mpaka ufungue wewe, na uwaambie ni nani amekuja.

Mama yako