Mutu wa Gare ya Lubudi

Kolwezi, tarehe 3 Machi 2024

Tania, mama yangu,

Moyo wako, ninakusalimia. Hapa tuko bazima, Mungu anatulinda. Goti inaniuma kidogo juu ya mvua, lakini kwaya ninaisimamia bila shida. Na wewe, unakulaka muzuri? Kwenye picha ninakuona mwembamba sawa kamba ya gita yako.

Juzi, kisha mazoezi, Sadrack, ule anaimbaka sauti ya chini, alifungua simu yake: "Tata Antoine, albamu ya mutoto wako imefika!" Tukakusanyika batu kumi na tano. Wimbo ya kwanza ilikuwa magita na ngoma ya nguvu. Bamama walicheka. Mama Naomie akasema hii kelele inataka masikio ya chuma, lakini na yeye alitingisha kichwa. Mi nilijaa furaha. Si ni mi nilikufundisha do ré mi?

Kisha ikakuja wimbo ya tatu. Unaimba ya kama tata yako alikuketisha juu ya mufuko ya mahindi kwenye gare ya Lubudi, ukiwa na miaka ine, akakuambia "Ngoja hapa", akapanda treni, akaenda. Sadrack alizima simu. Hakuna mutu aliniangalia.

Tania, ule mutu ni nani? Mi sikukuacha hata siku moja. Ule mwaka, kisha kifo cha mama yako, nilikuwa mugonjwa karibu kufa, na nkambo wako, ule mama alinizaa, alikulea kwake Lubudi mpaka nilipona. Ni hii unajua. Ao nyimbo inaruhusiwaka kudanganya? Mi ni mutu wa kwaya, bitu bya rock sibijui. Unielezee, unijibu hapa hapa kwa simu.

Tata yako,
Antoine Beya


Cape Town, tarehe 6 Machi

Tata,

Moyo wako, na goti yako pia. Mi niko muzima, ninakula, usiangalie picha.

Nilijua siku moja utasikia, na nilitumaini hautasikia. Lakini sikudanganya. Niliandika nyimbo tisa katika chumba ya Papy, ule rafiki ananirekodi. Munane zilinikamata mwaka muzima. Ile ya tatu ilitoka asubuhi moja. Niliona shati ya bluu yenye mifuko mibili. Niliona mukono inanipa kitumbua cha moto. Na sura, Tata, ilikuwa yako. Niliita "Tata!" na treni ikaenda.

Miaka yote niliogopa kukuuliza, sababu ulikuwa tata muzuri kwangu. Nilifikiri unajua, na unajua ya kama na mi ninajua, na tumekubaliana kunyamaza.

Sasa unaniuliza ni nani. Mi sikuona mutu mwingine.

Mwana wako,
Tania


Kolwezi, tarehe 7 Machi

Tania,

Sikuulizia afya yako, unisamehe.

Shati ya bluu ilikuwa yangu, ni kweli. Lakini mi nilikuwa kitandani! Homa ilipanda kichwani majuma matatu, sikujua hata jina yangu. Mutu wa namna ile anapanda treni namna gani? Jana Lukusa, mushemasi wetu, aliniuliza polepole kama niko na kitu ya kutubu. Kutubu nini? Batu bananiangalia sawa vile niliiba mutoto wangu mwenyewe.

Fikiri tena. Mutoto wa miaka ine anaona bitu byake.

Tata yako


Cape Town, tarehe 20 Machi

Tata,

Moyo wako. Ninatumaini roho imetulia kidogo.

Nimefikiri siku kumi na tatu na sasa sijui tena. Nikifunga macho, sura inabadilika. Asubuhi ni wewe, mangaribi ni ndugu yako, baba mudogo Nkongolo. Munafanana, na alizoea kuvaa manguo yako. Labda ni yeye?

Niliomba Papy tuiondoe ile wimbo. Akakataa: "Hii njo batu banapenda kupita zote." Tulibishana, kisha nikairekodi upya. Sasa ninaimba "baba mudogo" pahali pa "tata". Haikai muzuri na gita, maneno yamezidi, lakini sitaki jina yako ichafuke. Umuulize Nkongolo, tafazali. Na unisamehe, kama kuna kitu ya kusamehe.

Mwana wako,
Tania


Cape Town, tarehe 18 Aprili

Tata,

Uko muzima? Majuma ine haujanijibu, na simu yako imezimwa. Mama Naomie anasema ulimwachia Sadrack kwaya, ukaenda Fungurume kwa Nkongolo, na toka pale hakuna mutu anajua njia yako.

Wimbo mupya tuliitoa juma iliyopita. Batu bananiandikia: kwa nini umebadilisha? Andika hata neno moja.

Mwana wako


Lubudi, tarehe 2 Mei

Tania, mama yangu,

Moyo wako. Mwili wangu ni muzima. Simu niliizima kwa mapenzi yangu, unisamehe.

Nilipomuuliza Nkongolo, aliangalia chini, akasema: "Yaya, ndugu yangu mukubwa, mi sikukuwa pale. Ulitoka nyumbani umevaa shati yako wewe mwenyewe. Enda Lubudi, kwa Mama Charlotte."

Mama Charlotte aliuzisha bitumbua kwenye gare miaka mingi. Sasa ni muzee, macho haioni, lakini sauti yangu aliitambua mbele nimalize kusalimia. "Antoine! Wewe njo ulishuka treni na homa, jasho inatiririka, unasema peke yako. Ulisema unamuleta mutoto kwa nkambo wake asikuone ukikufa. Ukanunua kitumbua, ukamuketisha mutoto, ukapanda tena ile treni. Nilikuita, haukugeuka. Ni mi nilimupeleka mutoto kwa mama yako."

Ni mi, Tania. Mi njo niliondoka, na sikumbuki kitu. Nilikaa pale gare siku tano nikingoja kukumbuka. Hakuna.

Akaendelea: "Siku ya ine ulirudia kwa miguu juu ya reli, bila biatu. Ulimuuliza kila mutu, 'Mumeona mutoto wangu?' Ulimuuliza hata mama yako mwenyewe mulangoni, haukumutambua. Mutoto alikuwa ndani. Mama yako alimufungia chumbani asikuone vile." Kisha batu balinipeleka lopitali, na bale watatu, mama, Nkongolo na yeye, bakaapa hawataniambia.

Ule mutu alikuacha ni mi. Ule mutu alikutafuta ni mi. Na sijui sura ya hata mumoja wao.

Rudisha wimbo vile ilikuwa. Uliona muzuri kunipita.

Tata yako


Cape Town, tarehe 12 Mei

Tata wangu,

Moyo wako. Niliisoma barua yako kazini, jikoni, na mukubwa akanituma inje nipumue.

Nilikasirika kwanza. Juu yako, juu ya nkambo, juu ya ule mulango ulifungwa. Kisha niliwaza miguu yako juu ya mawe ya reli, na sikujua tena nimukasirikie nani.

Jana ilikuwa konseri ya albamu. Wimbo ya tatu ilipofika, sikujua niimbe ipi. "Tata" ni kweli na haitoshi. "Baba mudogo" ni uongo. Nilimupakaza Nkongolo bure, na nitamuomba musamaha. Nikapiga gita tu, toka mwanzo mpaka mwisho, mudomo imefungwa. Batu balipiga mikono sana. Papy alifikiri niliipanga vile. Sikupanga. Nilikuwa nimepotea mbele ya batu mia mbili.

Ile mupya nimeifuta. Ya zamani imebaki, lakini kuiimba sijui kama nitaweza. Nimeomba likizo. Ninafika Lubumbashi na ndege tarehe 15 Juni. Ninataka kukuona na macho, kichwa yangu siiamini tena.

Mwana wako,
Tania


Kolwezi, tarehe 14 Mei

Tania, mama yangu,

Moyo wako. Jumapili nilisimama mbele ya kwaya nikawaambia yote, mi mwenyewe. Lukusa alilia. Mama Naomie aliuliza tu kama nimekula. Kisha Sadrack akaweka albamu na tukasikiliza nyimbo zote tisa. Ya tisa ni ya kucheka! Kwa nini haukuniambia? Bazee walicheza, na mi na goti yangu.

Mambo ya Lubudi sijaielewa bado, na labda sitaielewa. Tutakaa, utaniuliza, nitasema ninachojua.

Tarehe 15 nitakuwa kwenye uwanja wa ndege toka asubuhi, hata kama ndege inafika mangaribi. Nitasimama karibu na mulango. Miaka sita hatujaonana, ni mingi, nimekonda, nywele ni nyeupe. Kama haunitambui, usiogope. Pita polepole tu. Mi nitakuita na jina.

Tata yako,
Antoine